Nani Kamtoa Golikipa?

Timu yetu ya hapa Masisi ina wachezaji 14 na komite ya watu 19. Ina prezida, makamu wa kwanza, makamu wa pili, katibu na msaidizi wake, mtunza hazina, mtu wa kumchunga mtunza hazina, washauri ambao idadi yao hupanda siku ya chakula, na mkuu wa protokole, ambaye kazi yake ni kuwaonyesha wageni wa heshima mahali pa kukaa. Viti vya wageni ni viwili, na kimoja anakalia yeye. Golikipa wa akiba hatuna. Kila msimu suala hilo linaletwa kikaoni, na kila msimu komite inaamua kuunda tume.

Jina la timu siliandiki. Prezida ni jirani yangu na maziwa ya chai yangu yanatoka kwa ng'ombe wake. Isitoshe, kama umewahi kushabikia timu ya mtaani popote kati ya Sake na Lubutu, utadhani nimeitaja ya kwenu.

Uwanja, kama ilivyo kwa kila kitu Masisi, umelalia mlima. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa kwamba ukishinda sarafu unaanza kwa kushambulia kuelekea bondeni, ukiwa bado una pumzi, ukajaze magoli kabla ya mapumziko. Komite ilikaa ikaamua kepteni wetu achague kupanda kwanza, "ili tumalize kwa kushuka." Kwa hiyo kila Jumapili tunafika mapumziko tumeshafungwa matatu, halafu tunateremka kwa kishindo na kupiga mashuti yanayopaa juu ya goli mpaka kwenye shamba la maharagwe la mama mmoja. Mama huyo hautoi mpira kabla hajahesabu miche iliyovunjika. Anahesabu polepole, mche kwa mche, ameukalia mpira. Mtunza hazina anashuka kupatana naye, anapanda kumuuliza prezida, anashuka tena. Dakika zinazopotea pale mwamuzi haziongezi.

Jezi nazo ziliamuliwa. Palikuwa na pesa za jezi mpya, komite ikatuma wajumbe wanne Goma, wakalala hoteli, wakarudi na balo la mitumba. Ndani mlikuwa na masweta mazito ya mikono mirefu, mazuri kabisa kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu, na matatu kati yake yana namba saba. Mwamuzi akitoa kadi ya njano anaandika kwenye kijitabu: saba mrefu, saba mwenye ndevu, saba wa prezida. Huyo wa mwisho ni mpwa wa prezida na hajawahi kuandikiwa kadi.

Makocha sitawahesabu. Vijana wanaoshabikia Manchester United kwenye chumba cha video wanalalamika kwamba tangu Ferguson astaafu mwaka 2013 timu yao imepita mikononi mwa Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag na Amorim, bila kutaja wale wa kushikilia. Mimi nawasikiliza kwa wivu. Wenzetu walau wanamfukuza kocha baada ya mechi. Sisi kuna wa kwetu aliyefukuzwa wakati wa mapumziko, na kipindi cha pili kikaongozwa na katibu, aliyekuwa na kalamu.

Watu wa nje huniuliza kwa nini napiga kelele hivi kwa ajili ya timu ya mtaani, na mimi mwalimu mzima mwenye chaki mfukoni. Hebu waangalie mambo yanayoamuliwa juu yetu. Bei ya koltani ya Rubaya inapangwa na watu ambao hawajawahi kuona tope la Rubaya. Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, inaondoka msituni na haituagi. Barabara iliahidiwa na watu waliokwisha kustaafu. Nani anatutawala mwaka huu na nani mwakani, hilo linaamuliwa kwa bunduki, na wenye bunduki ni vizuri wasisikie maoni yako. Lakini prezida wa timu anakaa hatua kumi kutoka kwangu, kwenye kiti cha plastiki, na nikimwambia kwamba hajui mpira hana budi kugeuka na kunijibu. Mimi nimewahi kumwuliza swali mkubwa na nikajibiwa palepale! Jibu lilikuwa "Mwalimu, komite imeamua," lakini ni jibu.

Uamuzi uliotuua hasa ni wa safari ya Walikale. Hii ni ya zamani kidogo, wakati ambapo mtu aliweza kupita. Tulialikwa kucheza na timu ya kule, na kwa kuwa mke wangu ni wa Walikale nikaona niende kwa nauli yangu, nisalimie ukwe na nishangilie kwa mpigo mmoja. Njia ya kutoka Masisi kupitia Nyabiondo, ukiitazama kwenye ramani, imechorwa kwa ujasiri mkubwa. Magari yalishaisahau. Zinapita moto, yaani pikipiki, na mvua ikinyesha hata moto inabebwa.

Pesa za komite zilitosha moto kumi, kila moja abiria wawili, yaani nafasi 20. Wakakaa usiku. Asubuhi orodha ikabandikwa: wakubwa tisa na wachezaji kumi na mmoja. Nikamwuliza mshauri mmoja kama wakubwa tisa wanakwenda kucheza namba ngapi.

"Mwalimu, timu haiwezi kutembea bila bakubwa. Batu ba Walikale batatuzarau."

"Sasa bachezaji batatu benye kubaki?"

"Fasi imeisha."

Wachezaji walichaguliwa kwa haki tupu, yaani kwa alfabeti. Nilipoisoma orodha mara ya pili ndipo nilipoona: golikipa wetu, kijana mwenye mikono mirefu, mtu pekee katika timu nzima aliyewahi kuulizwa habari zake na timu ya Goma, jina lake linaanza na W. Nikapiga kelele. Katibu akanieleza kwa upole kwamba orodha imeshatiwa muhuri.

Masisi ni baridi, ni nyasi, ni ng'ombe na jibini. Walikale ni msitu, na joto lake linakushika shingoni kabla hujavua kofia. Vijana wetu waliingia uwanjani saa tisa mchana na masweta yao ya mikono mirefu. Uwanja ulikuwa tambarare, jambo lililowachanganya zaidi kuliko joto. Waliupiga mpira wakausubiri ushuke mlima, na mlima haukuwapo. Golini, baada ya mashauriano, alisimama mkuu wa protokole, kwa sababu ndiye pekee kati ya wakubwa aliyekuwa na glovu, za kuendeshea moto. Sitasema hakufanya kazi. Mipira saba alionyeshwa na yote saba akaionyesha mahali pa kukaa.

Jioni nilikuwa kwa baba mkwe, mbele ya ugali na sombe yenye mawese, natafuta namna ya kula bila kuonekana mtu wa Masisi. Mzee ni Mnyanga, mtu wa heshima, na kwa mkwe hupandishi sauti. Akaniuliza kwa utulivu: "Ni nani alitoa golikipa?"

Nikasema komite.

"Siku zote ni komite," akasema, akasogeza kiti, na hapo nikajua kwamba tutaingia mwaka 1974.

Mwaka huo alikuwa kijana, na redio ya betri ilikuwa ya mjomba wake. Mwezi Machi Chui, timu yetu ya taifa, walikuwa wamebeba Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa katika mashindano hayo, idadi ambayo hakuna aliyeifikia mpaka leo. Mwezi Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza Scotland waliwafunga mbili, na mtu akizikumbuka hizo mbili leo anazikumbuka kwa hamu. Kabla ya mechi ya pili wachezaji wakapata habari kwamba pesa zao hazitafika. Wakubwa walikuwa wamesafiri nao, wengi, na pesa zilikuwa zimesafiri na wakubwa. Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baadaye kwamba vijana walitaka kugoma wasicheze kabisa.

Wakacheza, tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, na Yugoslavia. Kocha wa Chui, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na hilo peke yake lilitosha kuwapa watu wa Kinshasa kazi ya mdomo kwa miaka. Dakika ya 20 hivi tayari ni tatu bila. Hapo kocha akamtoa golikipa Kazadi Mwamba, ambaye hakuumia, akamwingiza Tubilandu Ndimbi, kijana mfupi. Mpira wa kwanza aliougusa Tubilandu aliutoa ndani ya wavu. Papo hapo mwamuzi akapigwa teke kwa nyuma, akageuka akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu, wakati mpigaji alikuwa Mwepu. Ikawa tisa bila.

"Sasa sikiliza," mzee akasema, akaninyooshea tonge. "Huyu Vidinić, yeye mwenyewe alikuwa nani?"

Najua jibu kwa sababu ananiuliza kila nikienda. Alikuwa golikipa. Tena golikipa wa dhahabu, wa Yugoslavia ile iliyoshinda Olimpiki ya Roma mwaka 1960.

"Golikipa anamtoa golikipa! Hiyo si akili yake. Hiyo aliambiwa." Na kweli Vidinić alikuja kunukuliwa akisema kwamba amri ilitoka kwa mkubwa wa wizara aliyekuwa amesafiri na timu. Mzee hakuhitaji nukuu ya mtu. Alishajua tangu mwaka ule, kwa redio, kwa sababu katika maisha yake yote ya Kongo hajawahi kuona jambo la namna ile likifanywa na mtu anayeijua kazi.

Nikajaribu kumtetea mkuu wa protokole wetu, kwamba mfupi hakuwa. Nikaongezewa sombe.

Tangu hapo nimetukana makocha wengi wa Chui, wengine kwa haki. Kuna usiku mmoja sikuweza. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, kwao, na vita vimefika Sake. Wimbo wa taifa ulipopigwa wachezaji wakafunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili wakaviweka kwenye panja kama bunduki, dunia nzima ikiangalia. Haller akatufunga moja, tukatoka. Wakati wa kurudi nyumbani mtu mmoja alianza, "Kocha Desabre naye angemwingiza...," akaona nyuso zetu, akaacha. Ndiyo mechi pekee ninayoikumbuka ambayo tulifungwa na hakuna aliyeitisha kikao.

Desabre yuleyule ndiye aliyekuja kunivunjia amani na ukwe. Tarehe 16 Novemba 2025, Rabat, tunacheza na Nigeria kutafuta njia ya Kombe la Dunia. Ni sare ya moja kwa moja, muda wa nyongeza unakwisha, penalti zinanukia. Dakika ya 119 redio inasema kuna mabadiliko upande wa Kongo: anatoka golikipa Lionel Mpasi, anaingia Timothy Fayulu. Nikasimama. Chumba kizima kikasimama. Prezida wetu, aliyekuwa kando yangu, akashika kichwa na kusema kwa uchungu wa kweli, "Nani anatoa golikipa sasa hivi?" Nikamtazama nikakosa pa kuanzia.

Fayulu akapangua penalti mbili. Chancel Mbemba akapiga ya mwisho, ikaingia, tukashinda nne kwa tatu. Kocha wa Nigeria alilalamika kwamba kuna mtu wa upande wetu alikuwa akifanya uchawi wakati wa penalti, na komite yetu imeshaunda tume ya kumtafuta mtu huyo ili ijue bei yake.

Asubuhi nilimpigia mzee Walikale. Alikuwa amezima redio dakika ileile ya 119 na kwenda kulala, kwa sababu mechi ile alishaisikiliza mwaka 1974. Nikamwambia tumeshinda. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza nani alimwambia kocha amtoe golikipa. Wizara?

"Hapana, Papa. Aliamua mwenyewe."

"Bila komite?"

"Bila komite."

"Na huyo aliyeingia alikuwa golikipa?"

"Golikipa kabisa, Papa. Wa akiba."

"Basi, mwanangu," akasema, "mlikosea stesheni. Hiyo ilikuwa mechi ya nchi nyingine."