Jinsi ya Kufuga Nyasi Denver

Umekabidhiwa funguo za nyumba yako ya kwanza Denver, au hapo jirani Aurora. Hongera sana. Ndugu na jamaa wamekuja, wamekula pilau, wamekusifia jiko na gereji, wameomba dua na kuondoka. Hakuna aliyekutajia kile kipande cha kijani kilicho kati ya mlango wako na barabara. Usiwalaumu. Wanaojua walitaka ule pilau yako kwa amani.

Kwanza elewa ulichonunua. Hayo si malisho. Hakuna mbuzi atakayeruhusiwa kukanyaga hapo. Si uwanja wa mpira pia, maana watoto watafukuziwa nyuma ya nyumba. Ni nyasi za kutazamwa, na mtazamaji mwenyewe si wewe uliye ndani, ni mzee wa ng'ambo ya barabara. Kazi yako ni kuzilisha, kuzinywesha, na zikishanawiri, kuzikata kwa kosa la kunawiri. Ukilikubali hilo mapema hutapoteza muda kuuliza zinavunwa lini.

Nyasi zenyewe, kwa nyumba nyingi, ni Kentucky bluegrass, ambazo asili yake ni Ulaya, zilivuka bahari pamoja na walowezi. Zinapenda ubaridi na zinapenda maji. Ubaridi Denver upo wa kumwaga. Sasa tuzungumzie maji.

Dodoma, ambako watu hulima mtama, uwele na zabibu huku wakilalamikia ukame kila mwaka, hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka. Denver hupata kama 370, na sehemu yake huanguka ikiwa theluji. Mgogo wa Dodoma akipewa milimita 370 ataanza kuwapigia simu ndugu zake wa mjini kuulizia unga. Mtu wa Denver akipewa hizo hizo, anapanda nyasi za Ulaya.

Maji ya kuziba pengo hilo yanatoka mbali. Takriban nusu ya maji ya jiji hutolewa upande wa pili wa milima ya Rocky, ambako yalikuwa yakijiendea zake magharibi kuelekea Mto Colorado, mto unaogombaniwa na majimbo 7 pamoja na Meksiko. Lipo handaki la kilomita 37 chini ya milima, lililokamilika mwaka 1962, ambalo kazi yake ni kuyageuza yaje mashariki. Yakifika yanasafishwa yakawa ya kunywa kabisa. Kisha, katika nyumba za kawaida, karibu nusu yake humwagwa nje. Bibi yako aliyebeba ndoo kichwani usimsimulie habari hii kwenye simu. Subiri uende likizo, umweleze ameketi.

Wala usijidai mjanja ukaweka pipa chini ya mfereji wa paa bila kuuliza. Hadi mwaka 2016, katika nyumba nyingi za Colorado, kukinga mvua iliyoanguka juu ya paa lako kulikuwa kosa, kwa sababu maji hayo yana wenyewe huko chini ya mto, walioandikisha haki yao kabla babu yako hajazaliwa. Siku hizi unaruhusiwa mapipa 2 ambayo jumla yake haizidi lita 416 hivi. Ni ya kumwagilia nje, si ya kunywa.

Kumwagilia kwenyewe kuna ratiba. Wakati wa joto kawaida ni siku zisizozidi 3 kwa wiki, na ni marufuku kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Ukame ukizidi, siku zinapungua. Hapa ndipo wageni wanapoharibu. Wanafungulia vinyunyizio dakika chache kila wapatapo nafasi, mizizi inazoea kukaa juu juu kusubiri ugali wa bure, na Julai ikifika zote zinalegea. Wengine wanafungulia nusu saa mfululizo, na kwa kuwa udongo wa hapa ni mfinyanzi mgumu, maji yanakataa kuingia, yanatelemka hadi barabarani, yanampita mzee wa ng'ambo akiwa amekunja mikono. Fungulia dakika kadhaa, funga, acha yanywewe, fungulia tena. Ukitaka kujua kama ardhi ina kiu, chukua bisibisi uichomeke. Ikizama hadi mpinini, waache wenzio wamwagilie. Ikigoma, ni zamu yako.

Joto kali likija, nyasi zitageuka rangi ya ugoro. Usilie wala usinunue mbegu. Zimelala tu, zinaweza kulala wiki kadhaa na kuamka baridi ikirudi, ilimradi uzilowanishe kidogo mara moja moja zisife usingizini.

Kukata ndiko kutakakokupa taabu ya moyo zaidi, kwa sababu kunapingana na malezi yako. Kwetu uwanja wa heshima ni uliofagiliwa alfajiri hadi mistari ya ufagio ikaonekana, nyoka asipate pa kujificha wala mgeni pa kusema. Kwa hiyo utashusha kisu cha mashine hadi mwisho, na utakuwa umezinyoa upara chini ya jua la mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Acha sentimita 7 au 8, na kila ukikata usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Majani yaliyokatwa yaache hapo hapo, ni mbolea. Ndiyo, yataonekana kama uchafu. Vumilia.

Aprili utaona maua ya njano yamechomoza, na mikono itakuwasha, kwa kuwa majani yake yanafanana na mchunga na, kama mchunga, ni machungu na yanalika. Usiyaingize sufuriani kabla hujajua nani alipulizia nini. Dawa maarufu ya magugu hapa huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Kwa maneno mengine, huua mboga na kubakiza kile kisicholiwa. Ukoka nao, huu huu wetu unaojiotea pembeni mwa viwanja vya mpira bila kuombwa, hapa ni gugu la kufukuzwa. Na zile nyasi za nyanda za juu za Kenya zinazoitwa kikuyu, usithubutu kuziingiza kwenye sanduku: Marekani imeziweka kwenye orodha ya magugu haramu.

Siku moja kijana atagonga mlango akitaka kukutobolea nyasi. Si tapeli. Ule mfinyanzi hushikana hadi hewa inakosa njia, hivyo mashine hung'oa vipande vya udongo vya urefu wa kidole na kuvitapakaza juu, na uwanja wote unaonekana kama kundi la bata bukini limelala hapo. Usivizoe. Vitamomonyoka vyenyewe. Mlipe, funga mlango, usichungulie dirishani.

Barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wako (HOA) ikija kukukumbusha wajibu wako, isome ukiwa umeshiba. Faini zao ni za kweli, ila nguvu zao zimepungua: sheria ya jimbo inawalazimisha wakubali bustani za mimea isiyohitaji maji mengi. Jimbo lenyewe limechoka, na tangu Januari 2026 haliruhusu nyasi za mapambo kupandwa upya kwenye maeneo ya biashara na katikati ya barabara. Kuna nyasi za asili ya nyanda hizi, blue grama na buffalograss, ambazo huridhika na maji kidogo sana. Tatizo lake ni moja: hubaki kahawia hadi Mei, na mzee wa ng'ambo atakuja kuuliza kwa upole kama kuna msiba.

Oktoba, kabla baridi haijaanza kugandisha maji, mwite mtu wa kompresa. Anaunganisha mpira wake kwenye mabomba yako na kusukuma hewa. Kinyunyizio kimoja kimoja kinainuka, kinatema ukungu, kinakohoa, kinabaki kupuliza upepo mtupu. Baada ya hapo utadhani umepumzika. Hujapumzika. Majira ya baridi hapa ni makavu, na theluji ikikosekana majuma mengi, mizizi hufa kwa kiu chini ya baridi. Kwa hiyo mara moja au mbili kwa mwezi, siku ya zaidi ya nyuzi 4 za Selsiasi na isiyo na theluji, utatoka mchana na koti zito, kofia na glavu, ukamwagilie nyasi za kahawia mbele ya majirani. Ukimaliza, fungua mpira wa maji kutoka kwenye bomba la ukutani. Ukiuacha umefungwa, maji yaliyobaki yataganda usiku, bomba litapasuka ndani ya ukuta, nalo halitasema kitu hadi Aprili utakapolifungua kwa mara ya kwanza. Msimu huo, cha kwanza kumwagiliwa kitakuwa chumba cha chini ya nyumba.