Jinsi ya Kuwasilisha Makala ya Dakika Ishirini Ulaya

Ikisiri yako imekubaliwa. Hongera, lakini usianze kuwaaga watu ofisini. Tuseme ni Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, linalofanyika tangu miaka ya 1980 katika mji huo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na ambalo msomi wa lugha yetu hutamani alihudhurie walau mara moja maishani. Kwa desturi ya makongamano mengi, utapewa kama dakika ishirini za kuwasilisha na kumi za maswali. Ili uzipate dakika hizo, tenga miezi sita. Sitii chumvi. Kanuni za viza ya Schengen, ambayo ndiyo utakayoiomba kwa safari ya Ujerumani, zinaruhusu ombi lipokewe kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Wewe anza siku ile mlango unapofunguliwa. Anayesubiri mwezi wa mwisho hukuta nafasi za miadi zimekwisha, na hakuna ofisa atakayemwonea huruma.

Kwanza fedha, maana safari nyingi hufia hapo. Barua ya waandaaji mara nyingi husema watakurudishia nauli baada ya safari, ukishawasilisha risiti na boding pasi. Maana yake ni kwamba mhadhiri wa Dodoma au Maseno anakikopesha chuo cha Ulaya kwa mshahara wake, bila riba, kwa miezi miwili mitatu. Usikubali kimyakimya. Waandikie hivi: "Mshahara wangu hauniruhusu kulipa kwanza na kusubiri. Naomba tiketi na malazi vilipwe na chuo chenu moja kwa moja." Wengi wao watakubali, kwa sababu hawakuwa na nia mbaya; hawakuwahi tu kufikiri kwamba nauli ya ndege inaweza kuwa mshahara mzima wa mtu. Kuwafundisha jambo hilo ni sehemu ya mchango wako kwenye taaluma.

Pili, kibali. Mhadhiri wa chuo cha umma Tanzania ni mtumishi wa umma, na tangu serikali ya awamu ya tano ilipobana safari za nje mwaka 2015, kila mmoja wetu amejifunza kwamba barua ya ruhusa ina safari yake yenyewe, ndefu kuliko ya kwenda Ujerumani. Inatoka kwa mkuu wa idara, inapanda kwa amidi, inapanda tena, na mahali fulani inalala masjala. Faili halina miguu. Lifuate. Msalimie katibu muhtasi kwa jina, muulize habari za watoto na uwe unataka kweli kuzijua, kisha uulize barua imefika wapi. Huyo dada ndiye anayejua faili liko meza gani, na anastahili heshima hiyo hata siku ambayo huna safari.

Sasa viza, na hapa tukae kidogo.

Mambo mepesi ni haya: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, yenye kurasa mbili tupu, bima ya safari ya euro 30,000 au zaidi, barua ya mwaliko, mahali pa kulala, na ada, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki mbili, na hairudishwi hata ukinyimwa. Tiketi isilipwe bado, iwe na wewe au na waandaaji. Mwambie wakala akutolee buking tu, na tiketi ilipwe viza ikishabandikwa.

Jambo zito ni taarifa ya benki. Ofisa anataka kuona fedha zilizotulia. Lakini nani kati yetu ana fedha zilizotulia? Mshahara unaingia, na kabla ya wiki kwisha umeshakwenda kwenye ada za watoto, kikoba, matofali ya nyumba ya Kibaha, mchango wa harusi ya mtoto wa dada na dawa za mama. Mali ya mhadhiri wa kwetu iko ardhini na iko kwa watu, haiko kwenye akaunti. Basi usiende kumkopa shemeji milioni tano ili kuinenepesha akaunti kwa wiki moja. Fedha iliyoingia juzi inaonekana kuwa imeingia juzi, na inaleta mashaka kuliko akaunti nyembamba. Onyesha maisha yako kama yalivyo: hati ya kiwanja, kadi ya gari, slipu za mshahara, barua ya mwajiri inayosema una vipindi vya kufundisha muhula ujao, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Andika na barua fupi ya kueleza kila karatasi inathibitisha nini, kwa sababu ofisa ana mafaili mengi na lako hatalisoma kwa muda mrefu.

Ninasema wazi kwamba kumtaka mwanamke aliyefundisha fonolojia Mlimani miaka nenda rudi athibitishe kwa vyeti kwamba atarudi kwa watoto wake ni kumdhalilisha. Usilizoee jambo hilo. Ila vyeti vipeleke vyote, tena na nakala mbili.

Siku ya miadi, angalia mikono yako. Kuna kioo kidogo chenye mwanga, unaweka vidole vinne vya mkono wa kulia, kisha vya kushoto, kisha vidole gumba viwili kwa pamoja. Aliyeshika chaki miaka mingi, au aliyelima Jumamosi, vidole vyake vimesagika, na mashine haivisomi. "Bonyeza." "Pangusa." "Tena." Foleni nyuma inahema. Nenda na kitambaa kikavu, na jioni ya kuamkia miadi paka mikono mafuta. Alama zikikubalika zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, hivyo ombi la pili ndani ya muda huo kwa kawaida halikudai uziweke upya.

Ukinyimwa utapewa fomu yenye sababu zilizoorodheshwa, moja imewekewa alama. Inayowaangukia wasomi wetu mara kwa mara ni ile ya mashaka kama mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha. Usikae na fomu hiyo kabatini kama mtu aliyefanya kosa. Wapelekee waandaaji nakala, waone wanachowafanyia wageni wao. Ujerumani iliondoa utaratibu wa kupinga uamuzi kupitia ubalozi tangu Julai 2025, hivyo limebaki shauri mahakamani Berlin, au ombi jipya na ada mpya. Chagua ombi jipya ikiwa una karatasi ambayo mara ya kwanza haikuwemo.

Na mambo haya yasikufanye ujione mnyonge peke yako. Mwaka 2018, kongamano kubwa la akili unde la NeurIPS lilipofanyika Montreal, watafiti wengi wa Kiafrika waliokuwa waende kwenye warsha ya Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Mwaka 2022, katika mji huohuo, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliwakosa wajumbe wengi wa Kiafrika kwa sababu hiyohiyo, ilhali Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa wenyewe. Halafu mwaka 2023 kongamano jingine la akili unde, ICLR, likafanyika Kigali. Dunia haikusimama. Kwa hiyo muulize kila mwandaaji, kwa adabu na bila kuchoka: kwa nini tusikutane mwakani Kigali, Nairobi au Zanzibar? Swali hilo liulizwe ukumbini, mbele ya wote, wala lisiachwe kwenye mazungumzo ya chai.

Viza imetoka. Mizigo basi. Kama una bango la kongamano pia, lile la ukubwa wa A0 ni sentimeta 84 kwa 119. Usilibebe kwenye mrija, kwa sababu mrija ndio kitu cha kwanza kusahauliwa juu ya kiti pale Addis Ababa au Doha. Lichapishe kwenye kitambaa, likunje, liweke kati ya mashati. Achari ya embe unayompelekea Mswahili wa kule iingie begi kubwa, maana walinzi wa uwanjani wanaihesabu kuwa kimiminika, na kwenye mkoba wa mkononi kikomo ni mililita 100. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za Ujerumani zenye matundu mawili ya mviringo. Adapta inunuliwe Kariakoo, si uwanja wa ndege. Sweta tafuta Karume, mitumba mizuri ya sufu imejaa pale, na usidanganyike na jua la Mei la Bavaria. Makala iwe kwenye flashi, kwenye barua pepe na kwenye karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.

Frankfurt, kwenye dirisha la uhamiaji, utaulizwa umekuja kufanya nini. Jibu: kongamano, Bayreuth, siku nne, hii hapa barua, hii hapa tiketi ya kurudi. Basi. Nadharia ya makala yako mtunzie mwenyekiti wa kikao. Kisha treni hadi Nuremberg, na nyingine ndogo hadi Bayreuth. Sifa za treni za Ujerumani tulizokua tukizisikia zimepitwa na wakati. Zinachelewa, tena sana. Acha muda wa kutosha pale Nuremberg. Na ukifika Jumapili, maduka mengi yamefungwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ingia mjini na chakula cha jioni mfukoni.

Umefika kwenye dakika zako ishirini. Nimeona wasomi waliopambana nusu mwaka kuzipata, kisha wakatumia sita kumshukuru mgeni rasmi, mwenyekiti, waandaaji na wadhamini, na tatu nyingine kueleza historia ya nadharia ambayo kila mtu ukumbini anaijua. Mwenyekiti anainua kadi ya "dakika tano", data bado haijaonekana, na slaidi zinaanza kupita mbio hadi hazisomeki. Usifanye hivyo, nakusihi. Shukuru kwa sentensi moja. Sentensi ya pili iwe kile ulichokigundua. Kama una rekodi ya bibi wa Pemba akisema neno ambalo kamusi hazina, icheze mapema, wakiwa bado macho. Na kama mkutano unaruhusu Kiswahili, wasilisha kwa Kiswahili. Umevuka bahari kuja kuzungumzia lugha hii, isikike.

Kisha kaa uzungumze na watu, kwa sababu hiki ndicho ulichokifuata. Nakala ya mkono ya Utendi wa Tambuka, utungo wa mwaka 1728, imehifadhiwa Hamburg. Hati nyingine nyingi za Kiswahili ziko chuo cha SOAS, London. Msomi wa Lamu anahitaji viza ili aguse karatasi zilizoandikwa kwao. Mtafute mtu anayejua hati hizo ziko rafu gani, mwombe picha za dijiti, mpe barua pepe yako, na umwandikie kabla hujalala. Ahadi za wakati wa chai husahaulika ndege ikipaa.

Ukirudi, usitupe kitu. Viza iliyotumika vizuri ina thamani: aliyezipata na kuzitumia kihalali viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza, kwa kanuni za sasa za Schengen, kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Ionyeshe kwenye ombi lijalo. Faili lako lote, pamoja na ile barua ya kuomba nauli ilipwe mapema, litolee nakala, futa namba za akaunti, umkabidhi mhadhiri msaidizi wa idara yako ambaye ikisiri yake ya kwanza iko njiani. Mwambie aanze leo kuulizia miadi.