Heko, Kiyoyozi!

Mnazi umetungiwa tenzi, jahazi limeimbwa, hata paka ana methali zake. Kiyoyozi sijasikia kikipewa ubeti mmoja. Leo naifuta aibu hiyo.

Kizazi chake ni cha watu wa maana. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, aliombwa akiokoe kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukivimbisha karatasi, rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo karatasi ndizo zilizoburudishwa kwanza, binadamu tukaja baadaye, na utaratibu huo umeheshimiwa. Ingia ofisi yoyote ya maeneo ya Posta, Dar es Salaam, mwezi Januari: mafaili yamestarehe, mhasibu kajitanda khanga juu ya sweta, na rimoti inasoma 16. Bosi kavaa koti. Asingekuwepo mfadhili wetu Kiyoyozi, suti za sufu zingevaliwa wapi?

Na ametukomboa na ushamba wa wazee. Wao, Lamu na Mji Mkongwe, walihangaika na kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na vichochoro vya kupitisha upepo wa bahari. Sisi tunasimamisha ghorofa la vioo vitupu, madirisha yasiyofunguka, jua likikaanga kutwa. Umeme ukikatika tunashuka ngazi kwa heshima zetu, tai mkononi.

Ila sifa yake kuu ni ukarimu. Kiyoyozi hakiumbi baridi, kinahamisha joto. Kinamtoa bosi joto lake, kinalipitisha kwenye mabomba ya shaba, kinaongeza na la umeme kiliokula, kisha kinamshushia yule mchoma mihogo aliyeweka jiko chini ya dirisha. Alikuwa na joto la jua na la mkaa. Sasa ana la tatu, bure, bila kununua umeme wa Luku. Mpita njia naye hupata tone la maji kisogoni.

Huko Phoenix, Arizona, watafiti walikokotoa kwamba joto linalotemwa na viyoyozi usiku laweza kupandisha joto la mji kwa zaidi ya nyuzi 1. Asiye nacho anaamka akikitamani. Ni mfanyabiashara gani mwingine anayetengeneza wateja wakiwa usingizini? Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi bilioni 1.6 vya wakati huo vingefika bilioni 5.6 mwaka 2050. (Wodi za watoto njiti na vyumba vya upasuaji siviingizi humu, huko kinafanya kazi ya lazima, na kazi ya lazima haihitaji wapambe.)

Bado gesi iliyomo mabombani mwake. Fundi anapanda ngazi, analegeza nati, psss, ya zamani imekwenda zake, anajaza mpya, anadai chake. Kilo moja ya gesi aina ya R-410A iliyoponyoka hivyo hupasha dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na kilo 2,000 na ushei za kaboni dioksidi. Kwa ajili ya gesi za ukoo huo mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016, yakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua, na makubaliano yakabeba jina la mji huo. Pangaboi, pamoja na kuzunguka kwake kote, halijailetea Afrika Mashariki hata barua.