Mzigo wa Shangazi

Noah ya Baba Mdogo ina masharti. Ndani yake haliwi yai la kuchemsha, halimenywi chungwa, mtoto haingii kabla hajakung'uta viatu, na samaki, awe mbichi au mkavu, hapandi hata akijilipia nauli. Viti bado vimevaa nailoni zake za dukani. Ukikaa na kaptula kwenye joto la Desemba, wakati wa kushuka walio nje wanasikia ngozi ikibanduka.

Humo ndimo tulimobanana, wakubwa kwa watoto, baada ya Shangazi kutangaza kwamba hafi mtu hapa kabla yeye hajaliona kanisa la Bagamoyo. Shangazi ni Mwislamu wa swala tano, mzaliwa wa Pangani, ila alikuwa amesikia kwenye redio kwamba maiti ya mmisionari Livingstone ilipitia pale, na ana swali lake. Tulipomwuliza ni swali gani, akasema atamwuliza mwenye kujua.

Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70. Tegeta tulisimama mtoto mmoja ajisaidie. Boko tukasimama kwa yule aliyesema Tegeta kwamba yeye hajabanwa. Bunju Shangazi akakumbuka jiko la gesi, tukasubiri jirani aruke ukuta, achungulie dirishani, apige simu kusema limezimwa. Mapinga na Kerege nilizipita nimelala, nashukuru.

Misheni inapokea mgeni kwa njia ya miembe mikubwa, na huko ndiko Baba Mdogo alikoegesha, kivulini. Tulipofika mlangoni pa kanisa, mama mmoja akamtazama binti yangu kuanzia kwenye kaptula kushuka chini, kisha akanitazama mimi. Kabla sijatafuta la kusema, Shangazi alishafungua mkoba na kutoa doti ya kanga. Pande moja akamfunga mjukuu kiunoni, akalikaza fundo mpaka mtoto akahema. "Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu," akamwambia. Pande la pili akalirudisha mkobani. Likumbukeni hilo pande la pili.

Kijana aliyetuongoza aliliita kanisa hili jipya. Lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Huko ndiko kuwa jipya kwa Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwenye makumbusho zipo pingu na minyororo ya wakati ule, na pale hata wale wadogo waliacha kusukumana. Nje upo mbuyu uliopandwa mwaka huohuo wa 1868. Inasimuliwa kwamba Mfaransa mmoja, Madame Chevalier, alikuwa akimfungia punda wake pale, akausahau mnyororo, na mbuyu ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Kimebaki kipande kidogo kimechomoza. Mwanangu wa mwisho alikishika kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye gome, akavuta. Baba Mdogo ndiyo kwanza anamkaripia, ikasikika pu! kutoka upande wa miembe, halafu pu! nyingine. Desemba, embe zimeiva. Baba wa watu akakimbia kuinusuru Noah, ndiyo maana habari ya mnara haikumfikia.

Mnara umebaki kutoka kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma na Susi, pamoja na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili.

"Wakamkausha?" Shangazi akauliza. "Kama papa?"

Kijana akakohoa. Akasema ndiyo, bibi, tunaweza kusema hivyo.

Kumbe swali lenyewe ndilo hilo: mwaka mzima karibu, watu wanatembea na maiti, mbona hainuki? Alipojibiwa akatulia, ila macho yaliwaka zaidi kwa lililofuata. Tabora msafara ulikutana na Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakasema maiti haipiti nchini kwao. Basi wale mabwana wakajifanya wamekubali, wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawapa watu wayarudishe njia ya Tabora eti yakazikwe. Mabua yakatupwa porini. Mwili wenyewe wakaufunga upya, ukawa mtumba wa nguo, ukapita mbele ya macho ya watu. Tarehe 24 Februari 1874 ukalala kwenye mnara huu, kisha ukavushwa Zanzibar. Mazishi yalifanyika London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi hawakuwepo.

"Hawakuwepo?" Shangazi akashika kiuno. "Wabebe wao, sanda wafunge wao, halafu matanga wale wengine?" Kijana wa watu akawa anaomba radhi kwa niaba ya Uingereza.

Jioni tukashuka sokoni kwa samaki. Moshi wa mafuta, kelele za mnada, watoto wakala ngisi wa kukaanga wakiwa wamesimama mbali na gari, kwa amri. Shangazi akatokea amebeba papa mkavu, mkubwa, wa rangi ya kahawia, chumvi imemganda mapezini.

"Dada," akasema Baba Mdogo, na mkono ameuweka mlangoni.

"Mdogo wangu, huyu mkavu."

"Dada, nakuheshimu. Hapandi."

Nilitegemea vita. Shangazi akainamisha kichwa, akasema sawa, gari ni lako, ngoja nikamrudishe. Unyenyekevu ule ungemtisha yeyote anayemjua. Akarudi baadaye na mkeka mpya uliokunjwa, umefungwa kanga pande la pili. Baba Mdogo akausifu rangi zake, akaupokea mwenyewe, akaulaza nyuma taratibu usikwaruze nailoni. Niliuangalia unene wa mkeka ule. Shangazi akaniangalia mimi. Nikapanda gari.

Kiromo hakukuwa na neno. Mapinga Baba Mdogo alishusha kioo. Bunju, foleni imesimama, akaegesha kwa fundi wa AC na kumwambia kuna panya amefia kwenye mabomba. Fundi akachomoa chujio, akanusa, akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma, akafungua mlango, pua ikamfikisha kwenye mkeka. Akainua macho, yakakutana na ya Shangazi.

"Ni chujio, mzee," akasema haraka. "Limechoka."

Baba Mdogo akalipia chujio jipya, akanunua na marashi ya gari ya stroberi. Kutoka Bunju mpaka Mwenge tulisafiri na papa wa stroberi, na binti yangu akaapa hali samaki tena maishani.

Jumapili Shangazi alituita kula. Papa wa nazi, wali, bilinganya. Baba Mdogo alijipakulia, akaongeza, akaikomba sahani kwa ukoko.

"Dada, papa huyu umempata wapi? Mbona pale Bagamoyo hatukununua?"

"Si ulikataa mwenyewe," akasema Shangazi, akamwongezea mchuzi.