Dhiki za Wapenzi wa Nyimbo Ndefu

Barua zilizotufikia safari hii, kinyume cha ada, hazihusu mahari wala mashamba ya urithi; zote zatoka kwa watu waliokwenda wenyewe, au waliopelekwa, kutazama bendi za ule muziki uitwao progresivu metali. Tumezijibu kwa taadhima ileile tunayowapa wenye kesi za mirathi, na baadhi yazo, kwa insafu, zina uchungu zaidi.

*Bwana Mshauri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na makazi yangu ni Leicester. Oktoba ya 2024 nilimchukua mke wangu mpaka London, ukumbi wa O2, kuwatazama Dream Theater. Nilimwambia ni muziki wa saa moja na nusu tu. Tangu usiku ule hasemi nami ila kwa haja. Nimekosa nini? — Mume Mwenye Mapenzi Mawili*

Ndugu yangu, umekosa hesabu, tena kwa makusudi. Bendi iliyoasisiwa mwaka 1985 na vijana watatu wa chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston, yaani John Petrucci wa gitaa, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa ngoma, na ambayo kwa miaka mingi imezoea kuumiliki usiku mzima peke yake, bila ya bendi ya kuitangulia, kwa muda ukaribiao saa tatu na mapumziko katikati, haiwezi kwa hila yoyote ya ulimi kugeuzwa burudani ya saa moja na nusu. Wewe ulilijua jambo hilo na mkeo hakulijua; na katika ndoa, kama katika biashara, muuzaji aijuaye kasoro ya mali yake akainyamazia hana udhuru.

Tena fikiri ulimpeleka usiku gani! Tarehe 20 ya mwezi ule Portnoy alikaa nyuma ya ngoma za Dream Theater mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza tangu alipoachana nao mwaka 2010, na kwa hiyo mama wa watu alijikuta amezungukwa na umati wa wanaume wazima waliovaa nguo nyeusi, wengine machozi yakiwalengalenga kwa furaha ya kurejea mtu ambaye yeye hakupata hata kujua kwamba aliondoka. Alikuwa kama mgeni aliyealikwa karamu ya mume amrejeaye mtalaka wake, ambako kila mtu analia na kucheka kwa zamu, wala hapana hata mmoja wa kumweleza mgeni kisa kilichowatenga wale wawili.

Dawa yako ni hii. Mwombe radhi, na katika kuomba radhi usitie neno lolote juu ya ufundi wa Petrucci. Kisha mpeleke kwenye taarabu atakayoichagua yeye, ukae mpaka mwisho, utunze kwa noti wala si kwa sarafu, na usingizi ukikujia ukumbuke kwamba bendi yako hiyo ina wimbo uitwao “Octavarium” ambao peke yake huchukua dakika 24.

*Mheshimiwa, niwapo ukumbini hutikisa kichwa kufuata mapigo, lakini kila nikiyashika hubadilika, nikabaki natikisa mahali pasipostahili, na vijana walio nyuma yangu hucheka. — Shingo Iliyopotea, Hamburg*

Shingo ya mwanadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Katika albamu ya Dream Theater ya mwaka 1999 mna kipande kiitwacho “The Dance of Eternity”, cha ala tupu, kisichozidi sana dakika sita, ambacho mizani yake hubadilika zaidi ya mara mia; na mtu adaiye kwamba hukitikisia kichwa sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, ama ni mpiga ngoma, ama ni mwongo. Mzee wa Unguja aliyelelewa na samai, zile za mapigo kumi, angalikaa kimya, akafumba macho, akaacha kidole kimoja tu kipige gotini, asionekane na mtu alipokosea. Hiyo ndiyo murua.

Kama huna budi kutikisa, basi jifunzie kwa Meshuggah, watu wa Umeå nchini Sweden. Magitaa yao huzunguka kwa hesabu zisizo shufwa mpaka msikilizaji akahisi sakafu imehama, lakini mara nyingi matuazi, juu ya ghasia yote ile, hubaki yakipiga nne, nne, nne, kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Yapuuze magitaa, uufuate mkono ulio juu ya matuazi, na mzunguko wa magitaa ukikatika ukaanza upya utakuwa bado umesimama. Ama wale vijana wanaocheka, nao wamepotea vilevile, ila wana nywele za kuwasitiri.

*Mshauri, mwaka 2010 Portnoy alipotoka niliapa sitaitazama tena bendi ile, na kwa miaka 13 nikamdharau Mike Mangini aliyekuja mahali pake. Sasa Portnoy amerudi. Nami nirudi vipi bila ya fedheha? — Mwaminifu, Muscat*

Kiapo kina kafara yake ijulikanayo, na hiyo umwulize sheikh wako. Mimi nitasema juu ya dharau. Mtu uliyemdharau alishindanishwa na wapiga ngoma wengine sita, akaacha kazi ya ualimu pale pale Berklee, akapiga katika albamu tano. Na tuzo ya kwanza ya Grammy ambayo bendi hiyo ilipata, mwaka 2022, kwa wimbo “The Alien”, ilikuja yeye akiwa ndiye mwenye fimbo mikononi. Ama wagomvi wenyewe, uliokuwa ukiwagombea, walikwisha kusikilizana zamani: mwaka 2020 Portnoy alipiga ngoma katika albamu ya Petrucci mwenyewe, ilhali wewe huko Muscat ungali umenuna kwa niaba yao, bila ya kutumwa wala kulipwa.

Basi sikiliza albamu zote tano za Mangini kwa taratibu ya miaka yake. Ile ya 2016, “The Astonishing”, ambayo inapita saa mbili, isikilize kwa kikao kimoja, bila ya kuruka wimbo hata mmoja. Ukiimaliza, kata tiketi, uende, wala fedheha isikutishe. Baada ya adhabu hiyo hapana mwenye ubavu wa kukudai zaidi.

*Naruhusiwa kuirekodi bendi ya Tool kwa simu? — Mwenye Haraka*

Hapana. Ada yao ni kukataza simu mpaka wimbo wa mwisho, na walinzi hutoa watu nje.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Toronto, na wajukuu wangu wananipeleka kwa Dream Theater. Muziki naupenda kwa dhati, lakini kibofu changu hakinipi muhula wa saa nzima. Nitoke saa ngapi? — Babu*

Shikamoo, Babu. Suali lako ndilo la busara kuliko yote yaliyotangulia. Usiyangoje mapumziko, kwani wakati huo wanaume wote waliojizuia tangu mwanzo husimama mstari mmoja. Badala yake mwangalie mwimbaji, James LaBrie, ambaye ala zinapoanza kujibizana peke yake, gitaa na kinanda vikishindana kwa dakika nyingi, hana la kuimba, naye kwa kawaida huondoka jukwaani akawaachia wenzake uwanja. Akiondoka, nawe ondoka. Waambie wajukuu wakukatie kiti cha ukingoni, karibu na mlango, ili usimkanyage mtu gizani. Nenda kwa hatua zako za kawaida, nawa mikono, rudi. Ukikuta bado hajarejea, kaa ustarehe, una wasaa hata wa kumaliza chai.