Namna ya Kumkamatia Mpangaji Mali Kabla Jua Halijazama

Ukitaka kukitumia sawasawa kitenzi cha Kiingereza distrain, anza kwa kutazama jua. Kwa sheria iliyojengwa na majaji wa Uingereza, mwenye nyumba anayedai kodi aliweza kuingia kwa mpangaji na kushika mali yake bila kwanza kwenda mahakamani, lakini baina ya macheo na machweo tu. Ukifika magharibi imeshaingia, rudi zako, uje kesho.

Kisha mlango. Ule wa nje ukiwa umefungwa kwa ufunguo, usiuvunje. Dirisha lililo wazi pita, hata ukihitaji kulifungua zaidi kidogo. Lililofungwa usiliguse, hata kama halina komeo. Ukishakuwa ndani kihalali, milango ya vyumba unaruhusiwa kuivunja.

Sasa chagua cha kuchukua, na hapa usiwe na pupa. Farasi mwenye mtu mgongoni hakamatwi, wala shoka lililo mkononi mwa anayechanja kuni, kwa sababu majaji walijua ugomvi utakaofuata. Kitambaa cha mteja kilicho kwa fundi cherehani kiache. Acha pia farasi aliyeletwa kwa mhunzi kuvishwa viatu, na nafaka iliyopelekwa kinuni: wenyewe hawana deni lolote nawe, na kama mali yao ingekamatwa, nani angethubutu kumpelekea fundi kazi? Nyama na maziwa navyo usivishike, kwa kuwa huwezi kuvirudisha vilivyokuwa.

Kuvirudisha ndiko kiini cha jambo lenyewe. Ku-distrain, kwa maana yake ya asili, ni kumbana mtu kwa kushika chake mpaka atimize wajibu wake. Si kujilipa. Ng'ombe alipelekwa zizini akakaa huko mpaka mwenyewe alipe, au aweke dhamana amchukue na shauri liende mahakamani. Ruhusa ya kuuza mali iliyokamatwa kwa ajili ya kodi ilikuja kwa sheria ya 1689, tena baada ya mpangaji kupewa taarifa na siku 5 za kuikomboa. Wajibu huo haukulazimika hata kuwa wa kodi. Wafalme walilitumia neno hilihili kwa wenye ardhi waliokwepa kutunukiwa cheo cha Sir, na Charles I aliifufua desturi hiyo mwaka 1630 ili awatoze faini wenye mapato ya pauni 40 kwa mwaka. Bunge liliifuta 1641.

Tahadhari kubwa kuliko zote ilitoka kwa maseremala sita. Katika kesi iliyoamuliwa 1610, watu hao walikuwa wameingia katika nyumba ya mvinyo mjini London, wakanywa wakalipa, kisha wakaagiza mvinyo mwingine na mkate, wakakataa kulipa. Majaji walisema kwamba anayeingia mahali kwa ruhusa ya sheria kisha akaitumia vibaya huhesabiwa mvamizi tangu hatua yake ya kwanza. Maseremala waliponea chupuchupu, kwa sababu kutolipa ni kuacha kutenda, si kutenda. Lakini mwenye nyumba aliyemtia kazini farasi aliyemkamata, au akamchinja, hakuponea. Sheria ya 1737 ilipunguza ukali huo kwa upande wa kodi, na kwa maoni yangu ilikosea: nyuma ya kila katazo nililolitaja kuna mpangaji aliyeingiliwa nyumbani kwake.

Uingereza yenyewe iliuzika utaratibu huu tarehe 6 Aprili 2014. Anayedai kodi ya jengo la biashara alipewa njia mpya yenye masharti yake. Anayedai kodi ya nyumba ya kuishi hana tena ruhusa ya kujikamatia mali.

Kenya, hata hivyo, ilirithi kitenzi hiki pamoja na makatazo yake. Sura ya 293 ya sheria za nchi inampa mwenye nyumba njia ileile aliyokuwa nayo mwenzake wa Uingereza chini ya sheria ya majaji. Kwa hiyo, mwenye nyumba wa Nairobi au Mombasa, mtafute dalali mwenye leseni. Kwa maduka na hoteli zinazolindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, omba kwanza idhini ya baraza la usuluhishi wao. Nawe mpangaji, dalali akibisha hodi, muulize leseni yake, na umwombe orodha ya kila anachokichukua.

Kufuli unalolitia mlangoni alfajiri mpangaji akiwa sokoni halimo katika kitenzi hiki. Huko ni kumfukuza. Na kupanda juu ukang'oa mabati mvua inanyesha hakumo kabisa. Mabati ni yako mwenyewe, mwenye nyumba: utakuwa umemkamata nani?