Nasaha za Mtaalamu wa Gemu kwa Wanafunzi wa Makanyagio

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazazi mliokuja kuhakikisha kwamba siwafundishi watoto wenu kubeti, na ninyi wanafunzi wangu wapendwa: itifaki imezingatiwa.

Mimi ndiye mtaalamu. Nalisema hili mapema ili tusipoteze muda kubishana. Nina banda la gemu hapa hapa Makanyagio, mjini Mpanda, runinga mbili, pedi nne. Tatu zinafanya kazi na ya nne huwa nawapa wageni. Mechi shilingi 500, ukifungwa unampisha mwenzio. Tena nimehudhuria makongamano: la tumbaku, la ufugaji nyuki, la mbegu za mahindi, na la lishe ya mama na mtoto, ambalo niliingia nikidhani ni la mbegu za mahindi. Kote huko nilipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Leo, kama mnavyoona, nimevaa vitatu.

Sasa, kwa nini mwanafunzi wa Katavi aende kwenye kongamano la watengeneza gemu? Kwanza, historia. Mwaka 1988, huko San Jose, California, bwana mmoja aitwaye Chris Crawford aliwaita watengeneza gemu wenzake nyumbani kwake. Wakaja watu ishirini na kitu, wakakaa sebuleni, wakazungumza. Sebuleni, jamani! Mkutano huo ndio uliokuja kuitwa Game Developers Conference. Hufanyika San Francisco, kwa kawaida mwezi Machi, na mwaka 2024 ulikusanya karibu watu 30,000. Nimeiwaza sana sebule ile. Kinachonitatiza ni kimoja: posho alilipa nani? Watu wazima washinde kutwa wakiambiana walichojifunza kazini, bila bahasha, bila korosho, na mwaka unaofuata warudi tena kwa hiari yao? Hapo pana jambo limefichwa, nami nataka mwende mkalichunguze.

La pili nalipitia haraka. Kulikuwa na maonesho makubwa ya gemu yaitwayo E3 kule Marekani, yaliyoanza 1995. Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kuwa yamekwisha kabisa. Mliokuwa mkisema "nitaenda mwakani" mmeona.

Naam, binti wa kidato cha tano. Anasema mihadhara mingi ya San Francisco imewekwa YouTube, anaitazama kwa bando lake. Kwa nini basi alipe tiketi ambayo kufikia 2025 bei yake kamili ilivuka dola 2,000, karibu shilingi milioni tano za kwetu? Swali la kitoto, mwanangu, ingawa hesabu umeipatia. Muhadhara ni kisingizio tu. Kazi yenyewe iko koridoni na kwenye foleni ya chai. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa gemu lake la The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mtu wa Nairobi na mtu wa Accra! Hao hawakujuana kwenye foleni ya LUKU. Mwaka 2022 studio kumi za Afrika ziliungana kuwa Pan Africa Gaming Group, na Khanga Rue ya hapa Tanzania ilikuwamo. Mambo hayo hayafanyiki ukiwa umejifunika shuka, bando la usiku linaelekea kuisha.

Kama San Francisco ni mbali, Cape Town wana Africa Games Week, na Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Afrika Kusini. Usafiri? Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, mkoloni aliijenga akifuata madini ya risasi. Ikiwa treni ilikuja mpaka huku kwa ajili ya mawe, ninyi wenye akili mnashindwaje kuondoka nayo?

Sasa niwape mfano hai. Bandani kwangu huja kijana wa kidato cha tatu, jina namhifadhia. Hachezi sana kwa sababu hela hana. Hukaa pembeni na pedi mbovu, akaifungua kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa ikawa bisibisi, akakisafisha kwa mswaki na spiriti kile kitufe kinachonata, akaifunga. Namlipa mechi mbili. Siku moja nikapekua daftari lake la Jiografia. Mle ndani kuna gemu! Mto Katuma, mwezi wa kumi, maji yamebaki bwawa moja, viboko wamerundikana matumbo kwa migongo. Mchezaji ni kiboko mdogo anayetafuta mahali pa kujichovya kabla jua halijamuunguza ngozi. Kila ukifunua ukurasa bwawa limepungua, na pembeni ameandika kwa penseli kina cha maji cha kila siku. Nikamuuliza, mtu anashindaje hapa? Akasema hakuna kumshinda mtu, ni kungoja mvua. Ukifika Novemba ukiwa hai, umemaliza.

Nilimweleza kwa upole kwamba gemu lisilo na bunduki halina soko. Usiku sikupata usingizi. Asubuhi nikawa nimeamua: kijana aende kongamanoni, amtafute anayejua namna daftari linavyogeuka kuwa programu ya simu, nami nifuatane naye kama mlezi, kwa asilimia 40 ya mapato yote.

Mpaka leo hajanijibu. Anasema anatafuta kwanza mtu wa fani hii amwambie kama asilimia 40 ni kiwango cha kawaida. Mnaona shida yetu, ndugu zangu? Makanyagio nzima hana wa kumuuliza ila mimi.

Haya, maswali. Binti wa kidato cha tano, shusha mkono, wewe umeshauliza.